Nyama ya Kima na Mpaka wa Mwaka 1923: Historia ya Baga ya Kondoo ya Kimediterania

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kutafuta ushahidi katika mikataba, barua za watawala, ramani na sensa. Jikoni huwa hatuingii, labda kwa sababu jikoni hakuna mihuri wala saini. Hata hivyo, watu wanaofukuzwa makwao mara nyingi huondoka bila hati, na wakati mwingine bila viatu. Wanachoondoka nacho ni kile wanachokijua kwa mikono yao, na mapishi ni mojawapo ya vitu hivyo.

Insha hii inahusu chakula kimoja, yaani baga ya kondoo inayoitwa ya Kimediterania. Siku hizi imo katika vitabu vingi vya mapishi vya Ulaya na Marekani. Nyama ya kondoo husagwa, huchanganywa na kitunguu, kitunguu saumu, bizari nyembamba, giligilani, nanaa na mdalasini kidogo, hufinyangwa kuwa duara bapa, huchomwa, kisha huwekwa ndani ya mkate pamoja na mtindi uliotiwa tango. Mtu anayekutana nayo mara ya kwanza hudhani kwamba ni baga ya Kimarekani iliyobadilishwa nyama na kuongezewa viungo. Mimi nina hoja tofauti. Ninashikilia kwamba kilichobadilishwa ni mkate na jina tu. Nyama yenyewe, kwa namna inavyotengenezwa, ni ya zamani kuliko nchi ya Marekani, na miongoni mwa walioihifadhi katika karne ya 20 walikuwemo mamia ya maelfu ya wakimbizi ambao jina "Kimediterania" haliwataji.

Ili kutetea hoja hiyo nitaanza na ushahidi wa lugha, kisha nitafuata njia ya chakula hiki kutoka Baghdad hadi Izmir na Athens, nitaeleza jinsi jina lake la sasa lilivyopatikana, na mwisho nitaonyesha kile nilichojifunza kwa kukipika mwenyewe hapa Kampala, ninakosomea historia na Kiswahili.

Ushahidi wa neno kima

Nianze na neno tulilo nalo sisi wenyewe. Katika Kiswahili, nyama iliyosagwa au kukatwakatwa sana huitwa kima. Mwanafunzi wa Uganda anayejifunza Kiswahili darasani hucheka anapokutana na neno hili, kwa kuwa neno lilelile ni jina la mnyama wa jamii ya tumbili. Akiambiwa kwamba sambusa ina kima ndani yake, huisogeza sahani pembeni. Lakini neno hili la jikoni halina uhusiano na mnyama wa porini. Limetufikia kutoka Bara Hindi, ambako wasemaji wa Kihindi na Kiurdu husema qeema, na huko lilifika kutokana na lugha za Kituruki. Nchini Uturuki leo nyama ya kusaga huitwa kıyma, jina linalotokana na kitenzi chenye maana ya kukatakata. Nchini Ugiriki huitwa kimas, na Wagiriki walilipokea neno hilo kutoka kwa Waturuki. Kwa hiyo mwenye bucha wa Athens, wa Izmir, wa Lahore na wa Mombasa wana neno moja la nyama hii, ingawa hawajawahi kukutana.

Neno la pili ni kofta. Katika Kiajemi kuna kitenzi kuftan, chenye maana ya kuponda, na kufta ni kitu kilichopondwa. Waturuki wanasema köfte, Wagiriki keftes, Wabulgaria kyufte, Waarabu kufta au kafta, na Wahindi kofta. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki kitu cha karibu zaidi ni kababu, yaani kima iliyotiwa viungo, ikaviringwa na kukaangwa, ambayo Zanzibar huliwa pia ndani ya urojo. Jina kababu nalo lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara.

Hapa panahitajika tahadhari. Neno kukopwa si uthibitisho kwamba ujuzi wote ulikopwa. Watu wa mahali pengi waligundua wenyewe kwamba nyama ngumu hulainika ikipondwa. Kitabu cha mapishi cha Kirumi kinachojulikana kwa jina la Apicius kina maandazi ya nyama iliyopondwa na kutiwa pilipili manga, na Warumi hao hawakuhitaji kufundishwa na Mturuki. Maneno kima na kofta yanathibitisha jambo dogo zaidi, lakini la hakika: kwamba jamii ambazo leo zinajitambulisha kama mataifa tofauti, na pengine maadui, zilijifunza kuitaja nyama hii katika soko moja.

Kutoka Baghdad hadi mji wa Waosmani

Maandishi tuliyo nayo yanatupeleka Baghdad. Katika karne ya 10, Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya mapishi ya mabwana wa utawala wa Abbasi. Mwaka 1226, Muhammad ibn al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu kingine kilichoitwa Kitab al-Tabikh, yaani kitabu cha mapishi. Mengi ya mapishi yake yana mwanzo mmoja: mafuta ya mkia wa kondoo huyeyushwa, nyama hutiwa humo, kisha huongezwa chumvi, giligilani, bizari nyembamba na mdalasini. Nyama iliyopondwa na kuviringwa imo pia.

Orodha hiyo ya viungo ndiyo ileile ya baga ninayoizungumzia. Aidha, neno letu mdalasini ni mtoto wa neno walilotumia wapishi hao, dar sini, linalomaanisha mti wa China. Kiungo kilitoka Asia, kikapita mikononi mwa Waajemi na Waarabu, na kilipofika kwetu kilikuja na jina lenye kumbukumbu ya safari hiyo.

Mwaka 1258, miaka 32 baada ya al-Baghdadi kuandika, Wamongolia waliiangusha Baghdad. Kitabu hakikufa pamoja na mji. Katika karne ya 15 tabibu mmoja wa dola ya Waosmani, Muhammad Shirvani, alikitafsiri kwa Kituruki na kukiongezea mapishi ya wakati wake. Baada ya Waosmani kuitwaa Constantinople mwaka 1453, jiji hilo likawa mahali ambapo Waturuki, Wagiriki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu waliishi chini ya utawala mmoja, wakinunua katika masoko yaleyale.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kondoo na si ng'ombe. Sababu ya kwanza ni ardhi. Sehemu kubwa ya Anatolia na Ugiriki ni milima mikavu yenye mawe, ambayo ng'ombe hawaipendi lakini kondoo na mbuzi huistahimili. Wafugaji walipandisha mifugo milimani wakati wa joto na kuiteremsha tambarare wakati wa baridi. Sababu ya pili ni dini. Waislamu na Wayahudi hawali nguruwe. Kondoo hana mwiko huo. Wakristo humla Pasaka, Waislamu humchinja katika Idi, na kwa Wayahudi yumo katika kumbukumbu ya kutoka Misri. Kila dini ilikuwa na masharti yake ya kuchinja, lakini mnyama alikuwa mmoja.

Jambo jingine linapaswa kusemwa, kwa sababu vitabu vingi vya mapishi hupenda kudai kwamba chakula hiki hakijabadilika tangu kale. Katika kitabu cha mwaka 1226 hakuna nyanya hata moja, wala pilipili hoho. Mazao hayo ni ya bara la Amerika, na hayakuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa hiyo kipande cha nyanya ndani ya baga ya Kimediterania, au mchuzi wa nyanya juu ya kofta, ni mgeni. Anayekula "asili" anakula historia ndefu ya kukopa.

Mwaka ambao majirani waligawanywa

Sasa nafika katika kiini cha insha hii. Smyrna, ambayo Waturuki huiita Izmir, ilikuwa bandari kubwa ya dola ya Waosmani kwenye pwani ya magharibi ya Anatolia. Humo waliishi Wagiriki wa madhehebu ya Othodoksi, Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na wafanyabiashara wa Ulaya. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Ugiriki lilitua Smyrna mwezi Mei 1919, na vita kati ya Ugiriki na Waturuki vikaendelea mpaka 1922. Tarehe 9 Septemba 1922 jeshi la Uturuki liliingia mjini. Siku nne baadaye moto ulizuka na kuteketeza sehemu kubwa ya mji, hasa mitaa ya Waarmenia na Wagiriki, huku maelfu ya watu wakisongamana gatini wakisubiri meli.

Tarehe 30 Januari 1923, mjini Lausanne, Uswisi, serikali za Ugiriki na Uturuki zilitia saini makubaliano ya kubadilishana watu. Kigezo kilichotumika kilikuwa dini, lugha haikuhesabiwa. Mkristo wa Othodoksi wa Anatolia alihesabiwa kuwa Mgiriki hata kama lugha pekee aliyoijua ilikuwa Kituruki. Mwislamu wa kisiwa cha Krete alihesabiwa kuwa Mturuki hata kama lugha yake ilikuwa Kigiriki. Walioachwa walipo walikuwa Wagiriki wa Istanbul na Waislamu wa Thrasi ya Magharibi. Wengine wote walitakiwa kuhama, na waliokwisha kimbia hawakuruhusiwa kurudi. Sensa ya Ugiriki ya mwaka 1928 ilihesabu wakimbizi zaidi ya milioni 1.2 katika nchi yenye watu takribani milioni 6.2. Waislamu kati ya 350,000 na 400,000 walipelekwa Uturuki.

Wakimbizi waliofika Ugiriki hawakupokelewa kama ndugu na kila mtu. Walikaa katika mahema, shule, na hata kumbi za maonyesho, kisha katika mitaa mipya iliyopewa majina ya makwao, kama Nea Smyrni, yaani Smyrna Mpya, jijini Athens. Baadhi ya wenyeji waliwaita mbegu ya Waturuki. Wengine waliwaita waliobatizwa kwa mtindi. Ninaomba msomaji alitafakari tusi hilo la pili. Wakristo hawa walifukuzwa Uturuki kwa sababu ya ubatizo wao. Walipofika kwa Wakristo wenzao, ubatizo huo ulitiliwa shaka kwa sababu ya chakula chao. Leo mtalii anayekwenda Athens huagiza mtindi na kuambiwa kwamba hicho ndicho chakula cha Kigiriki kuliko vyote.

Katika miaka ileile ya 1920, mpishi maarufu Nikolaos Tselementes, mzaliwa wa kisiwa cha Sifnos, alichapisha kitabu cha mapishi kilichoenea Ugiriki nzima, kiasi kwamba jina lake limekuwa neno la Kigiriki la kitabu cha mapishi. Nia yake ilikuwa kuyasafisha mapishi ya Kigiriki na athari za Kituruki, kupunguza viungo na kuingiza michuzi ya Kifaransa. Hivyo basi, wakati akina mama wa Smyrna walikuwa wakiponda bizari nyembamba katika mabanda ya Athens, mtu mwenye mamlaka jikoni alikuwa akiwashauri Wagiriki waachane na mambo hayo.

Hata hivyo, chakula cha akina mama hao hakikutoweka. Mpaka leo Wagiriki hupika soutzoukakia, maandazi marefu ya kima yenye bizari nyembamba na kitunguu saumu kingi, katika mchuzi wa nyanya. Huitwa ya Smyrna. Jina soutzoukakia lenyewe linatokana na neno la Kituruki sucuk, yaani soseji. Upande wa pili wa bahari, Waturuki hupika İzmir köfte, maandazi marefu ya kima katika mchuzi wa nyanya, kwa kawaida pamoja na viazi. Smyrna na Izmir ni mji mmoja. Makubaliano ya Lausanne yaliwagawa watu wake, lakini vyungu viwili bado vinatoa ushahidi kwamba walikuwa majirani.

Baga na jina jipya

Mwaka 1921, mwaka mmoja kabla ya Smyrna kuungua, mkahawa wa White Castle ulifunguliwa mjini Wichita, Kansas, ukiuza baga kwa senti tano. Baga ilikuwa imetokana na nyama ya kusaga iliyohusishwa na mji wa Hamburg, ambayo Wamarekani waliijua tangu karne ya 19. Ni nani hasa aliyeiweka kwanza ndani ya mkate ni jambo lenye wadai wengi. Kilichofanyika Wichita ni kukigeuza chakula hicho kuwa bidhaa: saizi moja, bei moja, ladha moja. Ndiyo maana baga ina nguvu kama jina. Chakula chochote cha duara ndani ya mkate sasa huonekana ni mwana wa Marekani, hata kama babu yake alizaliwa Baghdad.

Jina "Kimediterania" nalo lina tarehe. Mwaka 1949 mwanahistoria Fernand Braudel alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu bahari hiyo katika zama za Mfalme Philip wa Pili, akiwafundisha wasomi kuitazama bahari na pwani zake zote kama eneo moja la historia. Mwaka uliofuata, 1950, Elizabeth David, Mwingereza aliyekuwa ameishi Ugiriki na Misri wakati wa vita, alichapisha kitabu cha mapishi ya Mediterania kwa wasomaji wa Uingereza ambao nyama na siagi zao zilikuwa bado zinagawiwa kwa kipimo. Baadaye Mmarekani Ancel Keys na wenzake walifanya utafiti wa magonjwa ya moyo katika nchi saba, na wazo la mlo wa Mediterania wenye afya likaenea.

Kuna mtu atakayenipinga hapa. Atasema kwamba jina "Kimediterania" ni jema, kwa sababu linaunganisha kile ambacho uzalendo ulikigawa. Ukiita kofta ya Kigiriki, Waturuki watakasirika, na ukiiita ya Kituruki, Wagiriki watakasirika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuangalie jinsi jina linavyotumika. Mwaka 2010 UNESCO iliuweka mlo wa Mediterania katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, kwa maombi ya Hispania, Ugiriki, Italia na Moroko. Mwaka 2013 ziliongezwa Saiprasi, Kroatia na Ureno. Ureno haina pwani hata moja kwenye bahari hiyo. Uturuki, Syria, Lebanoni na Misri, zenye pwani ndefu na kofta ya kila siku, hazikuwemo katika nchi hizo saba. Jina lililodaiwa kuondoa mipaka limechora mpaka mwingine.

Nilichojifunza jikoni

Nilitaka kuona kama mapishi yenyewe yangeniambia jambo ambalo vitabu havikuniambia, kwa hiyo nikaamua kuipika baga hii nyumbani. Kampala nyama ya mbuzi na ya ng'ombe zipo kila kona, lakini ya kondoo inahitaji kutafutwa. Katika bucha ya tatu, mzee mwenye duka aliniuliza, "Mwanangu, kondoo wa sikukuu gani?" Nikamjibu, "Ni wa masomo, mzee." Alicheka, akanikatia nusu kilo ya bega yenye mafuta kiasi, akaipitisha kwenye mashine mara mbili.

Hatua ya kwanza ni kitunguu. Hukunwa, kisha hukamuliwa maji kwa mkono, la sivyo nyama itavunjika motoni. Hatua ya pili ni viungo: kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, kimoja cha giligilani ya unga, robo kijiko cha mdalasini, punje mbili za kitunguu saumu, konzi ya nanaa iliyokatwa, pilipili manga na kijiko kimoja cha chumvi. Hatua ya tatu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mpishi wa baga ya Kimarekani huigusa nyama kidogo sana na huweka chumvi dakika ya mwisho, ili nyama ibaki laini na yenye kuachana. Mpishi wa kofta hufanya kinyume. Huweka chumvi mapema na kukanda nyama kama unga wa chapati kwa dakika kadhaa, mpaka inate mkononi, kisha huiacha ipumzike mahali baridi. Chumvi na kukanda hufanya nyama ishikane. Kwa hiyo tofauti kati ya baga na kofta iko mikononi mwa mpishi kabla ya kufika kwenye mkate. Vitabu vingi vya siku hizi huchukua viungo vya kofta na kuacha kukanda. Mimi nilikanda, na nadhani hapo ndipo Smyrna ilipoingia jikoni mwangu.

Katika kofta ya nyumbani, ya Kigiriki na ya Kituruki pia, huongezwa mkate mkavu uliolowekwa na kukamuliwa. Wengine husema ni kwa ajili ya ulaini, na ni kweli. Lakini kipande kimoja cha mkate wa jana kiliifanya nusu kilo yangu itoe mviringo mitano badala ya minne. Familia yenye watoto wengi na nyama kidogo ingelijua hilo bila kufundishwa.

Nilichoma juu ya sigiri. Mafuta ya kondoo hudondoka na kuwasha moto, kwa hiyo ni lazima makaa yawe yamefunikwa na majivu kabla ya nyama kuwekwa. Nyama ya kusaga isiliwe ikiwa mbichi katikati, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama huingia ndani inaposagwa. Kipimo kinachoshauriwa ni nyuzi 71 za Selsiasi. Kwa kuwa sina kipimajoto, nilipasua mviringo mmoja na kuhakikisha hauna wekundu. Wakati huo mtindi ulikuwa umekwisha kuchujwa kwa kitambaa, nikauchanganya na tango lililokunwa na kukamuliwa, kitunguu saumu, chumvi na nanaa. Wagiriki huuita tzatziki na Waturuki cacık. Ni neno lilelile likitamkwa na ndimi mbili.

Rafiki yangu wa chumba cha jirani alikuja kwa harufu, lakini hakula. Yeye ni Muganda wa ukoo wa Ndiga, yaani kondoo, na mtu wa ukoo huo hali mwiko wake. Tulimchomea mviringo wa nyama ya mbuzi kwa viungo vilevile. Kwake swali la nani anakula nini halikuwa la zamani wala la mbali. Lilikuwa swali la yeye ni nani. Nilimwelewa Mgiriki wa 1923 vizuri zaidi nilipomtazama rafiki yangu akikataa kwa adabu.

Kwa kuwa mkate wa mviringo haukuwepo, tulikula kwa chapati. Na hapo historia yetu wenyewe iliingia sahanini. Chapati ilikuja Uganda na watu wa Bara Hindi, ambao wengi wao walifika Afrika Mashariki wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, ulioanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Mwezi Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka. Takribani 27,000 walikwenda Uingereza. Maduka yalichukuliwa na wengine, majina ya barabara yakabadilishwa, lakini chapati ilibaki. Leo hakuna Mganda anayeiona kuwa ya kigeni. Tunaiviringisha na mayai na kuiita roleksi, na tunajivunia kuwa ni yetu. Sikatai kwamba ni yetu. Ninasema tu kwamba waliotufundisha kuisukuma walifukuzwa, na jambo hilo halimo katika jina lake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba baga ya kondoo ya Kimediterania ni kofta iliyovaa mkate wa Kimarekani na jina la bahari. Viungo vyake vimo katika kitabu cha Baghdad cha mwaka 1226, maneno yake yanapatikana kutoka Athens mpaka Mombasa, na katika miaka ya 1920 ilibebwa na watu waliogawanywa kwa dini zao na kudharauliwa kwa sababu ya mtindi wao.

Sisemi kwamba jina "Kimediterania" lifutwe, wala kwamba kila anayechoma nyama akariri kwanza makubaliano ya Lausanne. Ninachopendekeza kwa wanafunzi wenzangu ni kwamba tuyasome mapishi kama tunavyosoma hati nyingine: nani aliyeandika, nani hakutajwa, nini kimeongezwa, nini kimeachwa. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki tuna wakimbizi wengi, na wengi wao hawatapata nafasi ya kuandika vitabu. Mtu anayetaka kujua walikotoka anaweza kuanza kwa kuwauliza wanavyopika, akaandika jina la chakula kama wanavyolitamka wao, kabla mwenye mkahawa hajalibadilisha.